Boti Yetu Siku ya Wageni

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya; Mheshimiwa Diwani wetu; mgeni wetu mkuu, Mama uliyetoka ubalozini ukavuka ziwa asubuhi hii kuja kutuona; ndugu maofisa wa Halmashauri; Mchungaji Ezekiel na wazee wa kanisa; Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tomasi; ndugu zangu mliotoka Ikolo, Busale na Ngana; akina mama wafinyanzi, akina baba wavuvi, na nyinyi watoto mlioambiwa mkae kimya na bado hamjakaa: mwaghonile!

Nimewasikia. Ndaga, ahsanteni.

Najua siku hizi msemaji akiwa na haraka husema itifaki imezingatiwa, kisha anarukia mambo yake. Mimi sitaruka mtu. Nimewahudumia watu wa ufuko huu tangu kichwa changu hakijaota mvi hata moja, na kama kuna jambo mmenifundisha, ni kwamba hapa mtu hapiti mlangoni kwa mwenzake bila kumsalimu, hata kama amekuja kumwambia nyumba inaungua. Atauliza kwanza mmelalaje, watoto je, mama je, ndipo aseme, samahani, paa lenu linawaka moto. Mnacheka kwa sababu ni kweli.

Lameck, mwanangu, kabla sijaendelea. Wewe ndiye umepewa kazi ya kumtafsiria mgeni wetu, na unaifanya vizuri, wote tunakusifu. Ila una tabia moja. Mtu wa hapa akisema maneno marefu yenye chumvi na pilipili, wewe unamgeukia mgeni unamnong'oneza maneno mawili, na mgeni anatabasamu. Leo naomba utafsiri yote. Nitasema polepole na nitakusubiri. Nikisema jambo ukaona haya kulitafsiri, basi hilo lipe sauti zaidi.

Ratiba ninayo mkononi. Inasema: neno la shukrani kutoka kwa muuguzi anayestaafu, kisha chakula, kisha wageni watapanda boti ya wagonjwa wazunguke kidogo ziwani, warudi, hati ya kufunga mradi isainiwe, tupige picha. Nimeelezwa kwamba mimi na mradi wa boti tunaagwa siku moja ili wageni wasisumbuke kuja mara mbili. Sina kinyongo na hilo, ni uamuzi wa watu wanaojali muda.

Kwa ambao hawanijui, mimi ni Anyosisye, binti wa Ebeneza wa Busale. Nimekulia kwenye mpunga na kakao, mbali na maji makubwa. Nilipopangiwa zahanati hii nililia kama mtoto. Mama yangu alinisindikiza mpaka Matema, akamtafuta mwanamke wa Kikisi, mwenyeji wa ufuko huu, aliyekuwa amemaliza kuuza vyungu sokoni, akamwambia, "Mwenzangu, nakuachia huyu, hajui kuogelea." Yule mwanamke akacheka mpaka akajishika mbavu. Akanikalisha katikati ya mtumbwi wake, juu ya majani makavu aliyokuwa amefungia vyungu, akasema, "Kaa hapo walipokaa vyungu. Tangu nianze kazi hii sijavunja hata kimoja." Yule alikuwa mama yake Naomi. Apumzike kwa amani.

Nilidhani ningekaa mwaka mmoja niombe uhamisho. Lakini mlinilisha samaki wenu, mbasa na usipa, mpaka nikasahau ladha ya maharage ya kwetu, mkanifundisha kupiga kasia, mkawapa binti zenu jina langu hata nikiita Anyosisye hapo kisimani wanaitika wengi. Leo Mheshimiwa amenipongeza kwamba narudi nyumbani. Ahsante sana, Mheshimiwa, ila mimi mwenyewe bado sijui kama narudi nyumbani au ndiyo natoka nyumbani.

Wageni wetu, mmeona tulivyokaa. Mgongoni milima imesimama wima, mbele ni maji. Barabara hakuna, na milima hatuilaumu. Mgonjwa akishinda uwezo wa zahanati, njia yake ni majini mpaka hospitali ya ng'ambo. Kwa mtumbwi ni kupiga kasia mpaka mabega yawake moto, na mchana upepo wa kusi ukiinuka, unapiga kasia huku unarudi nyuma. Nimewazalisha wanawake kwenye mitumbwi, nimepiga magoti kwenye maji yanayoingia, mume anachota kwa kibuyu anamwaga nje, huku ananiuliza, "Sista, bado?" Kuna wengine niliwavusha salama. Kuna wengine tulirudi nao tukiwa tumewafunika, na hao nawakumbuka mmoja mmoja, hata leo nikitazama nyuso za ndugu zao hapa.

Ndipo ikaja boti.

Mama, wewe hukuwepo. Aliyekuwepo ni mtangulizi wa mtangulizi wako. Naomba nikusimulie ile boti ilivyokuwa, kwa sababu nadhani hakuna aliyewahi kukwambia tulivyoipenda. Unaliona lile jabali linalojitokeza kule mwisho wa ghuba? Boti ikitoka ng'ambo huwezi kuiona mpaka ilizunguke lile jabali. Lakini mlio wa mashine unaitangulia. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu, aliyekuwa ameuma kitambaa na kukunja ngumi, akisikia ule mlio alikuwa analegeza uso. Nilikuwa naona kwa macho yangu. Mlio wenyewe ulikuwa dawa, ukifika kabla ya dawa. Jeni alikuwa wa kwanza kuvushwa. Jeni, simama mwanangu wakuone. Na huyo binti anayekuvuta kitenge ndiye Jubilate, aliyezaliwa kule hospitali daktari akiwa na mikono safi na taa inawaka. Alirudi kwa boti hiyohiyo, akina mama wakaingia majini na nguo zao kumpokea.

Msimu ule nilikuwa nalala. Nilikuwa nalala usingizi wa mtu mwenye mwenzake. Nimeutamani ule mlio kila siku tangu uliponyamaza, na sioni haya kusema hivyo mbele ya umati. Wapo wanaotamani nyumba, wapo wanaotamani gari. Mimi mwanamke mzima natamani mlio wa mashine ya boti, na kuna nyakati nafua nguo ufukweni naacha kufua, nainua kichwa, nasikiliza, kisha naendelea.

Mashine haikudumu. Ilikuwa ya aina ambayo vipuri vyake havipatikani Kyela wala Mbeya. Ilipoharibika ikafunguliwa, ikapelekwa karakana, na mpaka leo haijarudi. Mradi ukasema, kwa mujibu wa makubaliano, mafuta na matengenezo ni jukumu la Halmashauri. Halmashauri ikasema, boti bado ni mali ya mradi mpaka mradi ufungwe, hivyo haiwezi kuitengea bajeti. Nimezisikiliza pande zote mbili, tena zaidi ya mara moja, na nawaambia ukweli kwamba sikumwona mwongo hata mmoja. Kila aliyeniambia alikuwa sahihi, na boti ilikuwa imelala mchangani kuku wanatagia ndani.

Katika hali hiyo tukapata taarifa kwamba wageni wanakuja kuitazama.

Kikao kilikaa. Nakumbuka maneno ya Mzee Tomasi, na hapa namsifu, sio kwamba namsema. Alisimama akauliza, "Mtu amekuletea zawadi kutoka nchi ya mbali. Anakuja kukusalimu. Utamshika mkono umpeleke ukamwonyeshe kwamba zawadi yake imekufa? Akirudi kwao atalala na moyo gani?" Watu wote wakaguna kukubali. Ndipo Aliko, ambaye ana mashine yake ya kuvulia usipa, akasema, "Nitaiazima boti mashine yangu siku hiyo moja." Kuku wakafukuzwa, boti ikaoshwa, mashine ya Aliko ikafungwa, ukingo ukapambwa kwa vitenge. Wageni walipofika wakapandishwa, wakazungushwa ziwani, upepo ukawapiga usoni, wakacheka. Mmoja wao alitokwa na machozi akasema hajawahi kuona fedha za nchi yake zikifanya kazi kama hii. Sisi tukaimba. Ndaga fijo, ndaga fijo! Walipoondoka, Aliko akafungua mashine yake akaenda kuvua.

Lameck, hapa tafsiri kwa makini sana. Ile haikuwa hila. Hakuna aliyekaa akapanga kumdanganya mtu. Tulitaka kumsitiri mgeni. Kwetu sisi, mgeni akichanikiwa na nguo yake hapa uwanjani, hutamwambia umechanika. Utamwendea na kanga umfunike kana kwamba unamkaribisha. Tulimfunika mgeni kanga. Tatizo ni kwamba mgeni yule alikwenda kwao akaandika kwamba nguo ni nzima.

Akaja mwingine, tukamfunika na yeye. Ikawa ndiyo desturi. Watoto wakimwona Aliko ameibeba mashine begani anashuka ufukweni, wanapiga kelele, "Wageni! Wageni!" kabla hata ya kuona mtu.

Na ajabu ni kwamba hawa ni watu wanaojua kukagua kitu. Mwanamke wa Kikisi hakuuzii chungu bila kukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri anakupa. Kikitoa sauti ya kufa anakiweka kando, hata kama umekipenda, hata kama umeng'ang'ania na umekuja na mchele wa kubadilishana kutoka Ikolo. Lakini zawadi hatuigongi. Tunaipokea kwa mikono miwili, tunapiga magoti kidogo, tunaimba.

Mimi kwenye taarifa za zahanati niliandika kwamba boti haifanyi kazi. Niliandika mara nyingi. Nikaitwa, nikaambiwa kwa upole kabisa, "Sista, taarifa yako inatuchanganya. Wageni wenyewe waliipanda." Ni kweli waliipanda.

Sasa nataka niwaambie habari ya Naomi. Nimemwomba ruhusa, na amenipa. Yuko hapa mbele, amevaa gauni la kijani. Vile vyungu vilivyopangwa mezani kuwa zawadi zenu, wageni, vimetoka mikononi mwake. Ndiye binti wa yule mama aliyenivusha.

Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alifika zahanati asubuhi, na nilipompima nikaona mtoto amekaa vibaya. Zahanati hatupasui mtu. Nikasema, huyu ni wa kuvuka sasa hivi. Na siku hiyo, ndugu zangu, boti ilikuwa na mashine, kwa sababu ilikuwa siku ya wageni. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo Naomi ana bahati. Nikakimbia ufukweni, na boti ndiyo kwanza ilikuwa imeondoka, imepambwa, wageni wamevaa maboya yao ya kuokolea, Aliko ameshika usukani. Ile boti ya kukodi iliyowaleta ilikuwa imerudi Matema kuchukua maofisa waliochelewa na kreti za soda.

Niliita. Nikavua kanga nikaipunga juu ya kichwa changu. Wageni wakaniona, wakanipungia.

Mzee Tomasi alikuwa pale. Nikamwambia, Mzee, mpigieni simu Aliko arudi. Akaniambia, "Sista, watarudi sasa hivi. Tutawashushaje wageni?" Hakuwa na roho mbaya. Uso wake ulikuwa na hofu kuliko wangu. Lakini hakuweza. Nikarudi kwa Naomi, nikamweleza kwamba boti imetoka. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, jasho linamtiririka, akaniambia, "Waache wazunguke, Sista. Ni wageni."

Walizunguka mpaka kule tunakochimba udongo wa vyungu, wakaonyeshwa, wakauliza maswali mazuri. Waliporudi tulikuwa tumeshamteremsha Naomi ufukweni kwenye machela. Wakashuka wao, tukampandisha yeye. Na wale wageni, wakiwa wamesimama mchangani, wakapiga makofi. Walidhani ni onyesho. Walidhani tumewaandalia igizo la boti inavyobeba mgonjwa, na yule dada anaigiza vizuri sana. Mmoja akapiga picha. Hakuna aliyewaambia, Mama. Umati wote ule, hakuna. Walikuwa watu wema. Mtu angefungua mdomo tu, wangetusaidia kuisukuma ile boti kwa mikono yao.

Mtoto alizaliwa tukiwa katikati ya maji. Alikuwa wa kike. Nilifanya kila nilichofundishwa chuoni na kila nilichojifunza hapa, na hakulia. Naomi alivuta kimoja cha vile vitenge vya mapambo pale ukingoni, akanipa nimfungie mwanawe.

Ile picha ipo kwenye kalenda. Niliiona ukutani katika ofisi moja nilikokwenda kufuatilia mafao yangu: Naomi yuko kwenye machela, amefumba macho, nyuma yake watu wanapiga makofi, na chini maneno ya kusema jinsi boti inavyookoa maisha. Nilisimama pale mpaka karani akaniuliza kama ningependa nakala.

Lameck, umefika wapi? Sawa. Pumua, halafu maliza.

Mheshimiwa, najua kuna wanaonong'ona kwamba Sista ametuharibia sherehe. Naomba radhi kwa wali utakaopoa. Lakini naomba pia nisieleweke vibaya. Sikuja kumtaja mwizi. Hapa hakuna aliyekula kitu. Laiti angekuwepo mwizi! Tungemshika, tungempeleka kituoni, habari ikaisha, na mashine ingenunuliwa. Kilichotupata sisi ni kigumu kuliko wizi. Fedha zilitumika zilivyopangwa, boti ikaletwa, wageni wakaja kukagua kama inavyotakiwa, wakaona boti inakwenda, wakaandika walichokiona. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, na mtoto wa Naomi hakulia. Je, uwajibikaji wa namna hiyo unamwajibikia nani?

Mama, serikali yako inajibu mbele ya bunge lenu. Halmashauri yetu inajibu mkoani, mkoa unajibu wizarani, wizara inakujibu wewe. Ni mazungumzo ya heshima sana, yanapita juu ya vichwa vyetu kama ndege ya abiria: tunaisikia, tunainua macho, watoto wanaipungia. Katika hao wote, ni nani anapaswa kuja kukaa kwenye kigoda cha Naomi amweleze ilikuwaje?

Nimesikia redioni kwamba huko kwenu, na katika nchi nyingine zilizokuwa zikitusaidia, wananchi wamechoka. Wanawauliza wabunge wao, fedha zetu zinazokwenda ng'ambo zinafanya nini? Wengine hapa walikasirika walipoisikia habari ile, wakasema wazungu wametuchoka. Mimi sikukasirika. Nilitamani kukutana na huyo anayeuliza. Huenda ni mama wa makamo kama mimi, amesimama dukani, anahesabu chenji yake, anajiuliza ile iliyokatwa kwenye mshahara wake imekwenda wapi. Ningependa aje. Ningemkalisha na Naomi, maana wanauliza swali moja hao wawili, na hawajawahi kuonana, na katikati yao tumekaa sisi tuliopangiwa viti vya mbele, tunakula wali na samaki.

Ninachokitamani mimi si misaada mingi zaidi. Natamani mgeni atakayekuja bila ratiba. Afike kwa mtumbwi, amelowa, amechoka, achelewe kwa ajili ya upepo kama wanavyochelewa wagonjwa wetu, akae, apewe uji, halafu aulize, "Kwenu hapa ni kitu gani kimekufa?" Natamani Halmashauri ambayo itasema hiki kimetushinda kabla haijaulizwa, na isiadhibiwe kwa kusema. Na natamani siku ambayo sisi watu wa ufuko huu, na adabu zetu zote ambazo sitaki zipotee, nitazililia zikipotea, tutamwambia mgeni: karibu, keti, kula, na ile boti uliyotupa imekufa, njoo tuizike au tuifufue pamoja. Ni heshima hiyo pia. Ni heshima ya kumchukulia mgeni kuwa mtu mzima anayeweza kubeba habari mbaya.

Mzee Tomasi, nakuona unatazama ufukweni. Unamtafuta Aliko. Usimtafute. Aliko yuko majini anavua, na mashine yake anayo. Nilikwenda jana kumwomba asiilete, nikakuta Naomi ameshafika kabla yangu. Alikuwa amesimama pale kwenye nyavu, anamwambia, "Kaka Aliko, kesho nenda kazini kwako. Hii ndiyo zawadi yangu ya kumuaga Sista." Kwa hiyo boti mnayoiona pale, wageni wetu, haina vitenge, haina mashine. Ina makasia. Ndivyo tunavyoishi nayo kila siku ambayo nyinyi hampo.

Nani hajaona kwamba Naomi ni mjamzito? Mimi naondoka, na siku zake zinakaribia. Safari hii hataki kungoja uchungu umkute huku. Daktari wa ng'ambo ametaka amwone leo, na akiona vema ambakize kulekule. Ziwa limetulia. Ratiba inasema wageni watapanda boti baada ya chakula. Ninaomba, Mheshimiwa, kwa mamlaka yako, tuipindue hiyo ratiba kidogo. Wageni wapande sasa, wapande na Naomi, na wafike naye ng'ambo. Msiogope, boti mliyokodi itatufuata kwa karibu, hatujafikia hatua ya kumzamisha balozi. Makasia yapo ya kutosha, na mtu wa mipango akichoka atapokelewa na mtu wa fedha.

Mama, sikukatazi kusaini. Kalamu ni yako, na nchi yako ina haki ya kufunga mlango iliofungua. Nakuomba tu uisainie kule ng'ambo, ukishashuka, mabega yakiwa bado yanauma na Naomi amekaa mbele yako. Ukiona kwamba mradi umekamilika, andika umekamilika. Ukiona haujakamilika, wakati wa kurudi mtakuwa wote, wewe na Mheshimiwa na maofisa, kwenye boti moja ambayo hakuna anayeweza kusema ni ya mwenzake. Mkubaliane majini nani atanunua mashine, na nani ataitunza. Mimi nitapiga kasia, sitawasumbua.

Na neno la shukrani nililopangiwa? Sijalisahau, nimelitunza. Naomi, mwanangu, kuanzia kesho nitakuwa Busale kwenye kakao za baba, na kule ziwa halionekani wala halisikiki. Siku itafika mtakapokuwa mnarudi huku na mtoto wako. Usinipigie simu kuniambia ni wa kiume au wa kike. Nipigie mkiwa mnalizunguka lile jabali, usiseme kitu, inyooshe simu yako nje ya boti nisikie. Nikisikia mashine, nitapiga magoti hapo hapo shambani, niseme ndaga fijo kwa nchi zote mbili. Nikisikia makasia, nitajua tumekufunika kanga na wewe, Mama, na nitarudi huku kusema tena maneno haya haya.

Mmenivumilia nyote, hata pale maneno yalipowachoma, nami nawashukuru kwa masikio yenu na kwa miaka yenu mliyonipa. Chakula kimefunikwa, tutakikuta.

Lameck, mwambie mgeni avue viatu.